Mama Alikuwa Wapi?

Mtoto akianguka kutoka kwenye toroli ya supamaketi, swali la kwanza linalosikika si "Ameumia wapi?" Ni "Mama yake alikuwa wapi?" Huulizwa na mteja aliyesimama nyuma kwenye foleni, huulizwa na keshia, huulizwa na askari wa mlangoni anayekuja kutazama, na jioni huulizwa tena nyumbani na baba ambaye hajawahi kusukuma toroli yenye mtoto hata siku moja. Mama alikuwa wapi? Alikuwa papo hapo. Alisimama hatua moja kutoka kwa mwanawe, akifanya jambo lile lile ambalo duka lilimwalika aje kufanya, yaani kununua.

Makala haya yanapinga swali hilo. Ninasema kwamba toroli tunazozisukuma hapa Kampala humkalisha mtoto mdogo mahali asipopaswa kukaa, kwamba waliomweka pale ni wenye biashara kwa faida yao, na kwamba lawama kwa mama ni njia ya bei nafuu ya kuwaondolea wao gharama ambayo ni yao. Najua wapo watakaosema hili ni jambo dogo. Nitawafikia.

Sisi tunaosoma Kiswahili tunajua kauli ya kutendeka inavyofanya kazi. Kikombe kimevunjika, nguo imepasuka, mlango umefunguka. Sentensi imekamilika na mtenda hayupo. Kitenzi anguka ni cha ukoo huo huo: kuna angua, kama mtu anavyoangua maembe, na kuna anguka, embe lenyewe linapofika chini. "Mtoto ameanguka" ni sentensi isiyo na mtu wa kuulizwa. Lakini sikiliza sentensi inayofuata, maana haikawii: "Mama amemwacha." Hapo mtenda amerudi, na ni mwanamke. Katikati ya sentensi hizi mbili toroli imetoweka, mwenye duka ametoweka, na yule aliyeagiza toroli hizo kutoka ng'ambo ametoweka. Ningependa siku moja nimsikie mtu akisema "mtoto ameangushwa", kisha anyamaze kidogo, atafute ni nani aliyemwangusha.

Tukimtafuta, itabidi tuanzie mbali. Toroli ya dukani ilianza mwaka 1937 katika mji wa Oklahoma City, Marekani. Mwenye duka aliyeitwa Sylvan Goldman aliona kwamba wateja wake huacha kununua pindi kapu la mkononi linapokuwa zito. Akachukua wazo la kiti cha kukunja, akakitia magurudumu na makapu mawili. Mwanzoni wateja waliikataa toroli yake, hata akalazimika kuwalipa watu wazunguke dukani wakiisukuma ili wengine waige. Habari hii inachekesha, lakini lengo halikufichika: mkono usichoke, mteja asiondoke mapema. Mwaka 1946 Orla Watson, wa Kansas City, akabuni toroli zinazoingiana moja ndani ya nyingine ili zisijaze nafasi. Ukuta wa nyuma ukawa wa kuinuka, na mbele pakawa pembamba kuliko nyuma. Umbo hilo ndilo tulilo nalo mpaka leo.

Kiti cha mtoto kimepachikwa juu ya umbo hilo, na ukikitazama kwa makini utaona hakikufikiriwa kwa ajili ya mtoto. Kinakunjwa na kulala bapa ili toroli ziingiane. Hicho ndicho kinachoamua kila kitu: kwa nini ni chembamba, kwa nini hakina kingo za maana pembeni, kwa nini kina matundu mawili tu ya miguu na kibao cha plastiki cha kukalia. Kipo sehemu ya juu kabisa, karibu na mpini, hivyo mtoto hukaa karibu mita moja kutoka sakafuni, na sakafu yenyewe ni vigae juu ya zege. Mtoto wa mwaka mmoja au miwili ana kichwa kizito kulingana na mwili wake. Akiinama kupita ukingo, kichwa ndicho kinachotangulia. Na kwa kuwa mbele ya toroli ni pembamba, haihitaji nguvu nyingi kupinduka: kaka yake wa miaka sita akining'inia ubavuni, uzito wa mdogo aliye juu unamalizia kazi.

Mtu akiniambia kwamba hayo ni mawazo ya mwanafunzi wa lugha anayejifanya fundi, nitampeleka Marekani, kwa sababu huko walihesabu. Mwaka 2014 watafiti wa hospitali ya watoto ya Nationwide, mjini Columbus, Ohio, walitoa makadirio kwamba kati ya mwaka 1990 na 2011 watoto zaidi ya 530,000 walio chini ya miaka 15 walitibiwa katika vyumba vya dharura kwa majeraha yanayohusiana na toroli za madukani. Ni wastani wa watoto 66 kila siku. Takriban saba katika kila kumi waliumia kwa kuanguka kutoka kwenye toroli, na zaidi ya robo tatu ya majeraha yote yalikuwa ya kichwa.

Kuna jambo jingine katika utafiti huo ambalo ndilo lililonifanya niandike. Mwaka 2004 Marekani ilipata kiwango cha usalama wa toroli, chenye mambo ya mikanda na maandishi ya onyo. Kilikuwa cha hiari. Watafiti walipoangalia miaka iliyofuata, hawakuona majeraha yakipungua. Tusilipite hili haraka. Onyo lilibandikwa, mama alionywa, na watoto waliendelea kuanguka. Sasa tuseme nini? Kwamba kwa miaka 22 nchi ile ilizaa wazazi wazembe nusu milioni, na uzembe wao wote ukajitokeza mahali pamoja, juu ya chombo kimoja, kwa namna moja? Watu wengi kiasi hicho wakipatwa na jambo lile lile, kuchunguza tabia ya kila mmoja wao ni kupoteza wakati. Ichunguzwe toroli.

Turudi kwetu. Supamaketi kubwa si ngeni tena Uganda. Shoprite ya Afrika Kusini ilifungua milango hapa mwaka 2000 na ikaondoka 2021. Uchumi ya Kenya ilifunga 2015. Carrefour imekuja na kuchukua nafasi. Majina hubadilika juu ya mlango, ila toroli ni zile zile kwa umbo, na tumezipokea kama tunavyopokea vitu vingi, bila kuuliza vinaumiza nani.

Katika likizo ndefu baada ya mwaka wangu wa kwanza nilifanya kazi katika supamaketi moja hapa Kampala, ambayo sitaitaja. Kazi yangu ilikuwa kukusanya toroli kutoka maegeshoni, kuzipanga mlangoni, na kusaidia kufunga mizigo kwenye kaunta wakati wa msongamano. (Anayedhani kazi ya toroli ni nyepesi aje asukume ishirini zilizoingiana kupanda mteremko wa maegesho ya Kampala saa nane mchana.) Kila asubuhi tulizikagua. Toroli yenye gurudumu lililokwama ilitolewa pembeni mara moja, kwa sababu mteja akipata toroli inayovuta upande mmoja hukasirika, huiacha katikati ya duka, hununua vichache. Toroli yenye mkanda uliokatika haikutolewa. Hapakuwa na hata mahali pa kuandika. Nilipomuuliza msimamizi, alinitazama kama mtu aliyeulizwa rangi ya upepo, akasema, "Kijana, mkanda haumzuii mtu kununua." Sidhani kama alikuwa mtu mbaya. Alisema ukweli wa biashara yake kwa maneno machache kuliko ambavyo ningeweza mimi.

Katika miezi ile niliona watoto wawili wakianguka. Wote wawili walianguka penye kaunta, na hilo halikuwa bahati mbaya. Mtazame mama akiwa kaunta. Anainama kutoa unga na mafuta ya kupikia kutoka ndani ya toroli, anavipanga mbele ya keshia, anatafuta simu kwenye mkoba, anaingiza namba ya siri akiificha kwa mkono wa pili ili walio nyuma wasiione. Kwa dakika mbili au tatu mikono yote miwili ina kazi na macho yako kwenye simu. Duka linajua hivyo, kwa sababu utaratibu huo ni wake. Na ni mahali hapo hapo duka limepanga peremende na chokoleti, kwa urefu gani? Kwa urefu wa macho ya mtoto aliyekaa kwenye kiti cha toroli. Mtoto anaona, ananyoosha mkono, haufiki. Anapiga magoti juu ya kibao, kisha anasimama. Mtu aliyepanga peremende pale alitaka mtoto anyooshe mkono. Alichokuwa hana haja nacho ni kufikiri mkono usipofika itakuwaje.

Mtoto wa kwanza alikuwa msichana wa mwaka mmoja na nusu hivi. Mlio wa kichwa kwenye kigae hausahauliki, sitauelezea. Alilia, na tuliposikia kilio tulishukuru. Yule mama alimbeba akitetemeka, na kabla hajasema neno, bwana mmoja aliyekuwa na kikapu chenye soda mbili alisema kwa sauti ya kutosha wote kusikia, "Nyabo, ulikuwa unatazama nini?" Mama akaomba radhi. Nawaambieni ukweli, wenzangu: mama ambaye mwanawe amepasuka paji la uso aliwaomba radhi watu waliokuwa kwenye foleni kwa kuwachelewesha. Msimamizi alileta maji na pole, kisha akaonyesha kibao ukutani.

Kibao kile kilikuwa cha Kiingereza tupu. Kilisema kwamba watoto ni jukumu la wazazi na kwamba uongozi hauwajibiki kwa ajali yoyote. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii kwa mujibu wa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na Luganda ndiyo inayosemwa katika kila foleni ya duka lile, lakini onyo halikuwa katika lugha hizo. Wanaokuja na watoto dukani si akina mama peke yao. Wengi ni mayaya, wasichana waliotoka vijijini ambao hawakubahatika kusoma sana. Wahadhiri wetu hutufundisha kwamba ujumbe una mlengwa. Mlengwa wa kibao kile si yaya na wala si mama. Ni mwanasheria atakayekuja baadaye, kama atakuja. Onyo lililokusudiwa kumlinda mtoto lingekuwa na picha, lingekuwa kwenye mpini wa toroli, na lingekuwa juu ya mkanda unaofanya kazi.

Hapa ndipo nasikia msemo unaopendwa kuliko yote: ajali haina kinga. Husemwa kwa huruma, na msibani nauelewa. Dukani siuelewi. Maji ya kunde yamemwagika sakafuni, mfanyakazi anakimbia na kibao cha njano cha kuonya utelezi. Rafu inayumba, inafungwa ukutani. Chupa za mvinyo ghali huwekwa mbali na mikono. Kumbe duka linaamini kwamba ajali ina kinga, tena linaijua vizuri, ila imani hiyo hukoma linapofikiwa suala la mtoto wa mteja.

Sasa niwafikie wale wa jambo dogo. Hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema: nchi hii watoto wanapakiwa watatu kwenye bodaboda bila helmeti, wanaungua uji jikoni, wanaugua malaria, na wewe unatuletea habari za toroli, chombo cha watu wenye fedha za kwenda supamaketi? Ni kweli, toroli haiui kama bodaboda. Lakini bodaboda ina maelfu ya wamiliki, barabara mbovu, askari wa trafiki, umaskini na haraka ya watu wote wa mji. Kulitatua kutachukua miaka na serikali. Toroli ina mmiliki mmoja, na sakafu ni yake, na mlango ni wake, na anaweza kulimaliza Jumatatu asubuhi kabla ya kufungua. Tukishindwa kumwajibisha huyu, pale ambapo kila kitu ki mkononi mwake, nani ataamini kwamba tutaweza kumwajibisha yeyote katika yale magumu? Tena si kweli kwamba ni wenye fedha tu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nenda ukaone ni nani anayesukuma toroli yenye kilo tano za sukari na mche mmoja wa sabuni.

Wengine watasema, basi mama ambebe mwanawe mgongoni kama zamani. Nakubaliana nao kuliko wanavyotarajia. Mama anayeingia soko la Owino au Nakasero na mtoto mgongoni, amefungwa kwa leso, amemweka mtoto karibu na mwili wake, na leso ile ni mkanda usiokatwa na mtu. Lakini duka hilo hilo linalosema "mama alikuwa wapi" halimtaki abebe. Wafanyakazi tulielekezwa kumkaribisha kila mama mwenye mtoto kwa kumsogezea toroli na kusema, "Nyabo, mweke mtoto hapa upumzike." Ni ukarimu, naam. Ni hesabu pia: mwenye mtoto mgongoni huchukua kikapu, na kikapu hujaa upesi. Ni hesabu ya Goldman ya mwaka 1937, imetafsiriwa tu. Huwezi kumkaribisha mtoto kwenye kiti chako kisha ukatundika kibao kwamba kiti hicho hakikuhusu.

Na gharama? Nilisikia kwamba mikanda hukatwa na wateja wenyewe, watoto wakubwa wakiichezea, wengine wakiiiba. Inawezekana. Magurudumu nayo huharibika, na hununuliwa mengine. Wala mkanda si mwisho wa hoja yangu, kwa kuwa Marekani imetuonyesha kwamba mkanda wa hiari na maandishi havitoshi. Dawa yenyewe ni kumshusha mtoto. Zipo toroli zenye kiti cha chini mbele, karibu na sakafu, nyingine zimetengenezwa kama gari dogo la kuchezea, na mtoto akitoka humo hutoka kwa miguu yake. Katika baadhi ya maduka makubwa huonekana mbili au tatu hivi, zimewekwa mlangoni kama pambo. Ziwe za kawaida. Shirika la viwango la nchi yetu, UNBS, ambalo hukagua bidhaa zinazoingia kutoka nje, lingeweza kuweka sharti kwamba toroli yenye kiti cha juu kisicho na mkanda isiingie, wala isitumike. Sharti, si ombi. Na peremende zile zihamishwe kutoka kaunta. Hilo halihitaji sheria, wala fedha, wala kuagiza chochote ng'ambo. Linahitaji mtu mmoja na nusu saa, na nimeshasema kwa nini halifanyiki.

Najua wengi wetu hufanya kazi hizi za likizo, na likizo inakaribia. Mtapewa fulana ya duka na kuambiwa mkague magurudumu. Mkiyakagua, vuteni na mikanda. Ile isiyofunga, itoeni iende kukaa pembeni pamoja na zile zenye gurudumu bovu, na msimamizi akiuliza ina tatizo gani, mwambieni ni mbovu, haifai kumpa mteja. Akiirudisha mlangoni, itoeni tena kesho yake. Na mtoto akianguka mkiwa kwenye kaunta, mkapate barafu na mwite gari la kwenda hospitali, na mtu akianza kuuliza mama alikuwa wapi, mjibuni kwa sauti kama yake: alikuwa hapa, nimemwona, alikuwa analipa.